Maswali ya Wasomaji: Mume Kahama, Kadi Imebakiza Miezi Mitano

SWALI: Asalaam aleikum. Mwanangu aliolewa hapa Langoni mwisho wa 2022 na kijana wa asili ya huku ambaye ni raia wa Marekani. Aliingia Minneapolis tarehe 14 Machi 2024, akapewa kadi ya kijani ya miaka miwili. Tangu Ramadhani mume kahama nyumba. Mwezi uliopita amemwandikia talaka moja kwa WhatsApp, na kila wakigombana humwambia akipiga simu moja tu, binti atarudishwa Lamu. Wazee wa pande zote wanasema asubiri, watasuluhishwa. Mimi nataka arudi nyumbani akae eda yake apumzike. Je, kadi imekufa? Na talaka hiyo huko inahesabiwa?
Mama, Langoni, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, mama yetu. Kadi haijafa. Kuhama kwa mume hakuigusi, na simu yake haina nguvu hiyo. Mwenye kadi, hata hii ya masharti, hutolewa Marekani kwa amri ya jaji wa uhamiaji baada ya kusikilizwa. Kitakachoiua ni tarehe 14 Machi 2026 kupita bila karatasi kutumwa. Siku hiyo ukaazi hukoma wenyewe, na kinachofuata ni wito wa mahakama ya uhamiaji. Kwa hiyo wazee waendelee na suluhu, lakini karatasi zisiwangoje.

Kwanza binti aitazame kadi yenyewe. Ikiwa imeandikwa CR1 (au CR6, kwa aliyepewa ukaazi akiwa tayari ndani ya Marekani), basi ni ya masharti. Sheria ya 1986 ndiyo iliyoleta masharti haya ili kuzuia ndoa za karatasi: ambaye ndoa yake haijatimiza miaka miwili siku anapopata ukaazi hupewa miaka miwili ya kuangaliwa. Ingekuwa IR1, ya miaka kumi, mengi ya tunayoandika hapa yasingemhusu.

Masharti huondolewa kwa fomu I-751, inayopelekwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji. Ada yake tangu Aprili 2024 ni dola 750. Kwa kawaida mume na mke husaini pamoja, na fomu hutumwa ndani ya siku 90 za mwisho za kadi, ambazo kwa binti yako ni kuanzia 14 Desemba 2025 hadi 14 Machi 2026. Ya pamoja ikitumwa kabla ya hapo hurudishwa.

Sasa tuje kwenye tatizo lenu. Watu huchanganya kutengana na talaka, na USCIS haivichanganyi. Waliotengana tu bado ni mume na mke, hata kama mahakama imewapa amri ya kuishi mbalimbali. Mume akikubali kusaini, fomu ya pamoja inaweza kutumwa, mradi ukweli wa kuishi mbalimbali uelezwe na kila mmoja aandikiwe anwani yake halisi. Kinachopimwa ni kama walioana kwa nia ya kweli, si kama ndoa ingali na raha. Tahadhari moja: mtu asimsainie mume, hata kama amesema kwa simu "nisainie tu". Saini ya kughushi huigeuza ndoa safi ikaonekana ya udanganyifu, na hapo hakuna wakili atakayeisafisha kwa urahisi.

Mume akikataa, sheria inamruhusu mke kutuma fomu peke yake na kuomba asamehewe saini ya mume. Milango iko minne: mume amefariki, ndoa ya kweli imeishia kwa talaka, mke ametendewa ukatili, au kuondolewa nchini kutamletea dhiki kubwa kupita kiasi. Anaweza kuweka alama kwenye zaidi ya mmoja. Maombi haya ya peke yake hayana dirisha la siku 90: yanaweza kutumwa mapema, katikati, hata baada ya kadi kuisha, maadamu hajaondolewa nchini. Lakini kuchelewa hadi kadi iishe ni kujitafutia taabu kazini na uwanja wa ndege.

Mlango wa talaka ndio unaowakwamisha wengi, kwa sababu idara hutaka hukumu ya mwisho ya mahakama. Talaka ya WhatsApp haitafika popote. Kidini, uzito wake ni suala la kadhi. Kwa USCIS, talaka ni ile iliyo halali kisheria pale ilipotolewa, na mahakama iliyoitoa iwe na mamlaka juu ya wanandoa hao. Wote wawili wanaishi Minnesota, jimbo lenye jiji la Minneapolis, basi njia isiyo na utata ni mahakama ya huko, ambayo hutaka mmoja wao awe ameishi jimboni angalau siku 180. Hilo binti yako amelitimiza zamani, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe ada ya mahakama. Kwenda Mahakama ya Kadhi Lamu ili mambo yawe sawa kidini na kwenye kumbukumbu za hapa ni jambo jema. Ila cheti cha kadhi peke yake, wakati hakuna kati yao aliyekuwa mkaazi wa Lamu, kinaweza kuzua maswali ambayo hamna haja nayo.

Na kama hukumu haijatoka Machi ikifika? Atume fomu hata hivyo, kwa mlango wa talaka, pamoja na nakala ya kesi aliyofungua yenye mhuri wa mahakama. Idara itamwandikia kumtaka alete hukumu na kumpa siku 87. Barua hiyo mara nyingi huchukua miezi mingi kufika, na kwa mara moja ucheleweshaji wa serikali unamfaa mnyonge. Asiyefungua kesi kabisa, akitumaini mume atajirudi, ndiye anayepokea barua hiyo mikono mitupu. Siku 87 hazitoshi kuanza kesi ya talaka na kuimaliza. Wazee waelezwe hivi: kesi inaweza kufutwa wakipatana, lakini miezi iliyopotea hairudishwi.

Vitisho vya "simu moja tu" msivichukulie kama maneno ya hasira. Kumtishia mke kwa hadhi yake ya uhamiaji ni miongoni mwa mambo yanayoangaliwa katika mlango wa ukatili, na mlango huo haudai kipigo wala talaka. Asifute ujumbe hata mmoja. Apige picha za skrini zinazoonyesha namba ya mtumaji na tarehe, apakue sauti alizotumiwa, kisha yaliyo kwa Kiswahili yatafsiriwe kwa Kiingereza. Mtafsiri aandike na kusaini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili. Asiwe yeye mwenyewe wala jamaa yake. Zaidi ya hayo, sheria inawakataza maofisa kuamua dhidi ya mke kwa kutegemea maneno ya mtesaji pekee.

Kuhusu ushahidi wa ndoa, familia zetu hukimbilia albamu ya harusi. Picha za hina na kupamba ziwemo, tano au sita zinatosha. Zinathibitisha kwamba harusi ilifanyika, jambo ambalo hakuna anayelibishia. Uzito uko kwenye maisha baada ya harusi: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, taarifa za akaunti ya pamoja zinazoonyesha kodi ya nyumba na chakula vikilipwa humo (akaunti yenye dola 20 isiyoguswa mwaka mzima haisemi kitu), ritani za kodi walizojaza pamoja, bima ya afya, bili za stima, cheti cha mtoto kama yupo. Miamala ya M-Pesa ya kipindi mume alipokuwa akimtumia pesa Lamu kabla ya safari inafaa pia. Ongeza barua za watu wawili au zaidi waliowaona wakiishi pamoja, zenye majina kamili, anwani, na mambo waliyoyashuhudia wenyewe: "nilikula futari kwao Machi 2024" ina thamani kuliko "ni watu wazuri". Mwisho, maelezo yake mwenyewe, kurasa mbili au tatu, kuanzia walivyochumbiana hadi mume alipobeba nguo. Asifiche ugomvi. Ofisa anajua ndoa huvunjika. Anatafuta kama zilianza kweli.

Ushahidi huo aukusanye sasa, kabla mume hajamfungia mlango wa akaunti ya benki.

Jambo dogo linalowaangusha wengi ni anwani. Barua za idara, pamoja na ile ya alama za vidole, huenda kwenye anwani iliyo kwenye faili. Akihama, na barua zikaingia nyumba ya zamani, mume atazitia kwenye droo na binti ataambiwa alikaidi wito. Mkaazi anatakiwa kutoa taarifa ya kuhama ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11 au kwenye akaunti yake ya mtandaoni. Na kama fomu I-751 tayari imetumwa, aihakikishe anwani mpya imeingia kwenye faili hiyo pia.

Fomu ikipokelewa atapewa barua inayoongeza uhalali wa kadi kwa miezi 48. Kadi iliyokwisha na barua hiyo vikishikwa pamoja humtosha kufanya kazi na kusafiri. Basi mama, akija, aje baada ya barua hiyo, na kwa wiki chache. Asikae Lamu zaidi ya miezi sita, maana ataulizwa maswali ya mpakani. Zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea, atahesabiwa ameacha ukaazi. Eda akae huko Minneapolis, na dada au shangazi mwenye nafasi aende kwake badala yake.

Hata ombi likikataliwa si mwisho. Faili huenda kwa jaji wa uhamiaji, ambaye huliangalia upya, na hadi jaji atoe amri ya mwisho yeye ni mkaazi na anaweza kudai uthibitisho wa hadhi hiyo. Kinachobadilika ni njia ya uraia: mke anayeishi na mumewe raia huomba baada ya miaka mitatu, aliyetengana hungoja mitano. Miaka yake ya masharti imo kwenye hesabu, na aliyeteswa hubaki na ile mitatu.

Amtafute wakili wa uhamiaji, au mwakilishi wa shirika la msaada aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Wajaza fomu wa mtaani wasio mawakili, wa huko na wa huku, ndio wanaoweka alama kwenye mlango usiofaa.

SWALI: Binamu yangu wa Texas alisaini fomu ya udhamini I-864 kwa ajili ya mke wa rafiki yake, kwa kuwa kipato cha rafiki kilikuwa kidogo. Sasa wale wawili wameachana. Binamu ameshatoka?
Msomaji, Lamu

JIBU: Hajatoka, ndugu yetu. Alisaini kumhakikishia yule mke kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali ya Marekani, na talaka haimo kwenye orodha ya mambo yanayoufuta mkataba huo. Unafutwa mke akiwa raia, akihesabiwa robo-mwaka 40 za kazi (kama miaka kumi), akiuacha ukaazi na kuondoka nchini, au mke huyo au binamu akifariki. Mke anaweza kumshitaki binamu hata bila kumgusa mume. La kufanya ni kumsaidia apate kazi na baadaye uraia. Ni nafuu kuliko kesi.

SWALI: Dada yangu aliolewa na Mtaliano hapa Malindi, na sasa ana miaka minne Bergamo. Wametengana, hawana mtoto. Permesso yake (kibali cha kuishi Italia) ni ya familia. Ataipoteza? Tena alikuwa ameshaomba uraia.
Shella, Malindi

JIBU: Dada wa Malindi asibebe hofu za Marekani, kule hakuna kadi ya masharti ya miaka miwili. Kutengana kisheria Italia ni hatua kabla ya talaka, na ndoa bado ipo. Talaka ikija, kanuni ya 2007 inayowahusu jamaa wa raia humwachia haki ya kukaa ikiwa ndoa ilidumu angalau miaka mitatu kabla ya kesi ya talaka kufunguliwa, na mwaka mmoja wa hiyo waliishi Italia. Kwa miaka minne ya Bergamo amevuka. Ambaye hajavuka huangaliwa kama amepewa malezi ya mtoto, haki ya kumtembelea mtoto mdogo, au kama alifanyiwa ukatili. Na permesso ya familia yenyewe inaweza kubadilishwa kuwa ya kazi baada ya kutengana kisheria au talaka. Aende kwenye kwestura (ofisi ya polisi inayotoa permesso) na mkataba wa kazi mapema, kabla permesso haijakaribia kuisha.

Uraia ndio ulio hatarini. Sheria ya 1992 inataka wasiwe wametengana kisheria hadi siku uraia unapotolewa, si siku ya kuomba. Hukumu ya kutengana ikitangulia, ombi la njia ya ndoa huanguka, na inabaki njia ya kuishi Italia miaka kumi. Kwa sababu hiyo akae na wakili kabla ya kusaini karatasi yoyote ya kutengana, hata ile ya maelewano.

Na akihama nyumba ya mume, aandikishe makazi mapya kwenye manispaa ndani ya siku 20. Mume akisema hayupo tena pale, na yeye hajajiandikisha kwingine, jina lake linaweza kufutwa kwenye daftari la wakaazi, na ile miaka ya kuhesabiwa itakuwa na pengo.