Kichefuchefu na choo kigumu baada ya sindano ya kupunguza uzito

SWALI: Nina miaka 41, naishi Uyole, Mbeya. Daktari aliniandikia sindano ya semaglutaidi ya kupunguza uzito, ya kuchoma mara moja kwa wiki. Nilianza na miligramu 0.25. Baada ya wiki mbili niliona mwili umeizoea, nikapanda mwenyewe hadi 0.5. Sasa kichefuchefu hakiniachi, nabeua harufu ya yai viza, na leo ni siku ya nne sijapata choo. Nifanyeje?

JIBU LA MFAMASIA: Pole sana, dada. Naanza na dozi, maana shida imeanzia hapo. Dawa hii hupandishwa baada ya wiki 4 ili tumbo lipate muda wa kuizoea. Tena hutoka mwilini taratibu: wiki ikiisha, karibu nusu yake bado imo, na sindano mpya inaikuta humo. Usichome nyingine kabla ya kuongea na daktari wako. Anaweza kukurudisha chini au kukuambia usubiri. Usiamue tena peke yako, nakusihi.

Kuhusu chakula: semaglutaidi inachelewesha chakula kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo. Ugali uliokula saa tatu usiku unalala nao, na harufu unayobeua inatokana na chakula kilichokaa. Kula mapema jioni, tafuna polepole, na ukianza tu kushiba, acha. Najua kwetu kubakiza chakula mbele za watu ni aibu, kwa hiyo pakua nusu tangu mwanzo. Chipsi mayai za Mwanjelwa ziache kwanza, kwa sababu mafuta ndiyo yanayokawia zaidi tumboni. Hata parachichi la Rungwe, zuri kama lilivyo, lina mafuta mengi; vipande viwili vinatosha. Uji mwepesi, ndizi za kuchemsha na samaki wa mchuzi usio na mafuta mengi vitakukalia vizuri.

Choo kigumu kinahitaji maji. Baridi ya Mbeya inakusahaulisha kiu, na ukila kidogo unakosa hata maji yaliyomo kwenye chakula. Kaa na chupa ya maji ya uvuguvugu, unywe funda moja moja kutwa nzima. Ongeza papai na mboga za majani. Maharage yaongeze kidogo kidogo, yasije yakakujaza gesi. Tembea kila siku. Kwa kuwa umeshafika siku ya nne, pita duka la dawa leo uulizie dawa ya maji ya laktulosi.

Lakini ukipata maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, ukitapika hata maji, mkojo ukiwa kidogo na mweusi, macho yakiwa ya njano, au tumbo likivimba na hata hewa haitoki, nenda hospitali hata kama ni usiku. Huenda kongosho (kiungo kilicho nyuma ya tumbo) kimevimba, nyongo ina shida, au utumbo umeziba. Ukifika, waambie kwanza kwamba unachoma semaglutaidi, na siku uliyochoma mara ya mwisho.