Peremende za tambi: mbona bataskochi inagoma kuyeyuka?

SWALI: Mpishi, habari za kazi. Niko Minnesota, Marekani, na kazini kila mtu analeta kitu cha Krismasi. Nilijaribu zile peremende za tambi kavu zisizookwa, wenyewe wanaziita Haystacks. Niliyeyusha bataskochi, vile vipande vitamu vyenye ladha ya siagi na sukari, juu ya sufuria ya maji yanayochemka, ikawa nzito. Nikaongeza kijiko cha siagi, ikazidi kugoma na kuwa mabonge. Nikanunua nyingine, hiyo ikakubali, ila zilipolala kwenye friji tambi zikawa laini. Nakosea wapi?

JIBU: Nzuri, dada. Mara zote mbili kilichokuharibia ni maji.

Bataskochi ya vipande ni sukari iliyosagwa laini sana, unga wa maziwa na mafuta. Haina maji ya maana. Matone machache ya mvuke yakidondokea humo, chembe za sukari zinalowa na kung'ang'aniana, basi umepata mabonge. Siagi nayo ina maji, kama asilimia 16 hivi, kwa hiyo dawa uliyotia ndiyo iliyozidisha ugonjwa. Margarini ni yale yale. Ukitaka kulegeza, tia mafuta ya nazi au ya kupikia, kijiko kimoja cha chai kwa wakati.

Mimi ningeacha sufuria, nitumie maikrowevu. Chukua bakuli kavu kabisa, weka pakiti moja ya bataskochi (gramu 311) na nusu kikombe cha siagi ya karanga. Weka moto wa nusu, sekunde 30, toa, koroga, rudisha. Hapa ndipo wengi wanapounguza: vile vipande hubaki na umbo lake hata vikiwa vimeshayeyuka ndani. Ukisubiri viporomoke vyenyewe, maziwa yameshaungua. Vikianza kung'aa juu, toa, ukoroge hadi vya mwisho viyeyukie kwenye joto la wenzake.

Sasa tia tambi, gramu 140, zile za Kichina, chow mein, zilizokwisha kukaangwa. Tambi mbichi za pilau ya tambi hazifai, zitakuvunja meno. Zigeuze kwa mwiko mpana taratibu, zisikatike, hadi kila moja ipakike: yale mafuta ndiyo yanayozuia unyevu. Chota kwa vijiko viwili, panga juu ya karatasi ya nta, uziache mezani zigande.

Friji ya nini, na baridi hiyo yenu? Peremende baridi ikitolewa kwenye chumba chenye joto inatoka jasho, na jasho hilo linaishia kwenye tambi. Bati lenye mfuniko juu ya kabati linatosha. Ungekuwa Dar mwezi Desemba ningekuruhusu friji, kwa sharti kwamba chombo kifungwe vizuri na kisifunguliwe hadi ubaridi wake uishe.

Bandika karatasi kwenye bati iseme kuna karanga, ngano na maziwa, maana mzio wa karanga si mchezo. Na yale mabonge, kama hayakuungua, usiyatupe: ongeza maziwa ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga, yatalainika yawe mchuzi mtamu wa kumwagia aiskrimu.