Je, picha ya kuchongwa yaaminika kama fotografia?
Ndugu uliyeuliza kama picha ya kale ya pwani yetu, iliyochongwa na kupigwa chapa, yaaminika kama fotografia, naomba uisome kwa tahadhari. Katika karne ya 19 msafiri alichora kwa penseli, kisha mchongaji wa London, ambaye mara nyingi hakuwahi kuuona mnazi, akauhamishia mchoro kwenye ubao mgumu. Na picha ikiwa kubwa, kama zile za gazeti la Illustrated London News lililoanza mwaka 1842, ubao uligawanywa vipande, kila fundi akachonga chake. Hata hivyo ufundi huo naupenda mno: mistari iliyosongamana huwa kivuli, iliyoachana huwa mwanga wa bahari. Ilinganishe picha hiyo na ufuo wenyewe pale Kivukoni, Dar es Salaam.