Maswali yenu ya magari: Fielder iliyokwama Kuresoi

Barua za mwezi huu karibu zote ni kilio kimoja: gari lililotangazwa si gari lililopokelewa. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu wengi wenu mmo ndani yake.

Nilinunua Toyota Fielder kwenye yadi moja hapa Nakuru kwa Sh1,780,000. Tangazo lao la WhatsApp lilisema inasukumwa na magurudumu yote manne, na ndiyo sababu niliichukua, maana mimi hutoa viazi Kuresoi kuleta Molo. Mvua ya kwanza tu ikakwama. Fundi akaingia chini, akatoka anacheka. Nimekaa nayo wiki tatu. Mwenye yadi ananiambia, "Uliikagua mwenyewe, ukaiendesha, ukalipa." Nifanyeje? (Molo)

Fundi alicheka kwa sababu Fielder inayosukumwa na magurudumu yote manne ina shafti ndefu inayotoka kwenye gia hadi difu ya nyuma, yaani gia inayozungusha magurudumu ya nyuma. Kama haipo, magurudumu ya nyuma yanaburutwa tu. Lakini hata bila kujipaka matope, angalia namba ya chasisi kwenye logbuku yako, hati ya umiliki wa gari. Namba ya Fielder ya kizazi cha NZE16, ya injini ya cc 1500, ikianza na NZE161, gari linavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Namba ya ile inayosukumwa na yote manne huanza na NZE164. Basi jibu lilikuwa mezani kwa mwenye yadi siku ile anaandika tangazo. Asikwambie hakujua.

Kuhusu "uliikagua mwenyewe": Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Kukiona kwa macho na kukizungusha barabarani hakufuti sharti hilo, hasa kwa jambo ambalo mtu wa kawaida hawezi kuliona akiwa ameketi kwenye usukani. Juu ya hiyo kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, ambayo inahesabu maelezo ya uongo kuhusu aina au ubora wa bidhaa kuwa mwenendo usio wa haki, na inakuruhusu kuvunja mkataba.

Kinachonitia wasiwasi ni hizo wiki tatu. Si nyingi, lakini kila gunia unalopakia linamsaidia yeye. Mnunuzi akikaa na mali kwa muda bila kumwambia muuzaji kwamba anaikataa, sheria humwona ameshaikubali, na hapo hubaki na haki ya kudai fidia, si ya kurudisha gari. Kwa hiyo liegeshe, na uandike barua leo. Weka namba ya chasisi, maneno ya tangazo kama yalivyo, alichokiona fundi pamoja na picha za chini ya gari, unachotaka, na siku ulizompa. Mimi hutoa siku 14. Ipeleke kwa mkono, asaini nakala. Akikataa kusaini, mtumie kwenye WhatsApp ileile aliyokuuzia. Na lile tangazo lipige picha sasa hivi. Yadi hufuta matangazo haraka kuliko zinavyoosha magari.

Unataka nini hasa? Ukidai pesa zote, dai lako linazidi Sh1,000,000, kikomo cha Mahakama ya Madai Madogo, kwa hiyo utakwenda kwa hakimu wa kawaida, na huko safari ni ndefu. Ukidai tofauti ya bei kati ya gari uliloahidiwa na ulilopewa, unaingia kwenye madai madogo bila taabu. Ungekuwa ndugu yangu wa tumbo moja ningekwambia uanze kwa kuomba wakubadilishie gari. Yadi nyingi zina magari mengi na pesa taslimu kidogo, na mtu hutoa alicho nacho upesi kuliko asicho nacho.

Mazda Demio niliyoichukua Kisumu ilisoma kilomita 68,000. Nilipopeleka kubadilisha oili, fundi wangu wa Kondele alinionyesha kikaratasi kwenye fremu ya mlango, maandishi ya Kijapani na tarakimu 112,400. Yadi inasema kikaratasi si ushahidi. (Kisumu)

Ni ushahidi, ila mwembamba. Vikaratasi hivyo vya oili wakati mwingine huandika kilomita za kubadilisha tena, si zile gari lilizokuwa nazo siku hiyo. Lakini watu hubadilisha oili kila baada ya kilomita elfu chache, kwa hiyo pengo la zaidi ya 44,000 halielezeki hivyo.

Tafuta karatasi nzito zaidi. Gari likitoka Japani huwa na cheti cha kulisafirisha nje, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho kule. Kuna pia karatasi ya mnada, na cheti cha ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kupakiwa melini, kwa kufuata kiwango cha Kenya cha KS 1515, kilekile kinachozuia kuingizwa nchini magari yaliyozidi miaka minane. Ziombe zote kwa maandishi. Akizikatalia, kukataa kwake nako kuweke kwenye faili.

Si lazima uthibitishe kwamba ni yeye aliyerudisha mita. Huenda naye alidanganywa na aliyemuuzia. Kwa dai lako inatosha kwamba alikwambia 68,000 na haikuwa 68,000.

(Mimi niliwahi kununua Probox ya "kilomita elfu tisini" ambayo mpira wa pedeli ya breki ulikuwa umelika hadi chuma. Siku hizi naangalia pedeli kwanza, mita baadaye.)

Nilikwenda kituo cha polisi kushtaki kwamba nilidanganywa kuhusu gari, nikaambiwa haya ni mambo ya madai, si jinai. Ni kweli? (Nakuru, Lanet)

Mara nyingi ni kweli. Lakini kupata pesa za mtu kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni za Adhabu, na adhabu yake yafika kifungo cha miaka 3. Ukiwa na ushahidi kwamba muuzaji alijua anadanganya, andikisha taarifa, upate namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Usiende huko ukitarajia kurudishiwa pesa. Polisi si wakusanyaji wa madeni.

Broka wa Bungoma ananiunganisha na mtu binafsi anayeuza gari lililotumika humu nchini. Logbuku ina jina lake na la benki. Broka anasema deni liliisha zamani. Nimeshatoa nusu. (Bungoma)

Usitoe nusu nyingine. Deni likiisha, benki huondoa jina lake. Kama liliisha zamani, kwa nini jina bado lipo? Taka barua ya benki, kisha utafute rekodi ya gari NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Angalia pia sajili ya dhamana za mali inayohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017, maana kuna mikopo isiyoonekana kwenye logbuku. Maneno ya broka hayaingii kwenye sajili yoyote.

Hiyo Mahakama ya Madai Madogo inahitaji wakili? Na nikishinda, mwenye yadi akikaa kimya je? (Kakamega)

Wakili si lazima. Unaweza kujisimamia na kuzungumza Kiswahili, na mahakama haibanwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo mazungumzo ya WhatsApp, risiti ya M-Pesa na maelezo ya fundi vina nafasi. Sheria yake inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Rufaa ni kwa hoja za kisheria tu, hivyo panga karatasi zako vizuri mara ya kwanza.

Ukishinda naye akakaa kimya, rudi uombe amri ya kutekeleza hukumu. Hapo hutumwa dalali wa mahakama kukamata mali yake na kuipiga mnada, na mali ya mwenye yadi huwa imepangwa uani, imeoshwa, ina bei kwenye kioo.