Jibu: Mtoto hataki kutia uso majini

Salaam aleikum dada. Umesema mwanao wa miaka 5 anacheza vizuri tu ufukweni Shela, ila ukimwambia atie uso majini analia. Kwanza tazama maji: yawe yametulia, yasipite kiuno chake. Halafu liache hilo neno "zama". Wangu nilimwambia, "Uji wa moto huo, upulize!" Akapuliza mdomo ukigusa maji, mapovu yakamchekesha, siku ya tatu pua nayo ikaingia yenyewe. Kuelea tulicheza kasa amelala: kichwa begani pangu, masikio majini, tumbo juu. Usimtose kwa ghafla, hata kwa mzaha. Mpwa wangu alitoswa gatini, mwaka mzima hakuigusa bahari. Na mkono wako umfikie wakati wote.