Night Beat ya Sam Cooke: namna ya kuisikiliza usiku hadi ikuingie

Wengi wanaomfahamu Sam Cooke, mwimbaji wa soul wa Marekani, wanamjua kwa nyimbo zake za redioni, zile zenye fidla na waitikiaji nyuma. Wakipewa Night Beat, albamu yake ya 1963, wanaifungulia kwenye simu huku wakiosha vyombo, wanasikia sauti tamu na muziki mwembamba, kisha wanahamia kwingine. Wembamba huo ni wa makusudi. Albamu hii imepigwa kwa vyombo vichache mno, kwa hiyo kifaa kinachomeza kimoja tu kati ya hivyo kinakuwa kimeshakuharibia wimbo.

Tuanze na kifaa basi. Spika ya simu haitoi vizuri sauti za chini ya hezi 300 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde), na noti ya chini kabisa ya lile besi kubwa la mbao linalopigwa wima ni kama hezi 41. Sasa chukua wimbo wa pili, "Lost and Lookin'". Wimbo mzima ni sauti ya Cooke, besi, na toazi linaloguswaguswa. Hakuna gitaa, hakuna kinanda. Kwenye simu besi linatoweka na utadhani umesikia mtu akiimba peke yake. Kwenye hedifoni za waya za bei ya kawaida besi linarudi, na ndipo unapoona kazi ya mwimbaji: analiacha besi litangulie, anavuta neno, analikunja mara tatu nne kooni, halafu analitua pale pale panapostahili. Huo ni ufundi aliotoka nao kwenye nyimbo za injili. Kabla ya 1957 alikuwa mwimbaji kiongozi wa Soul Stirrers, na kundi lile liliimba kwa vyombo vichache sana.

Kama una spika mbili, zitenganishe mita mbili hivi, nawe ukae mita mbili kutoka kila moja. Zisogeze mbele kama nusu mita kutoka ukutani, na usiziweke kwenye kona, maana kwenye kona besi hurundikana likavuma na kufunika maneno. Zima kitufe cha kuongeza besi pamoja na mipangilio yote ya sauti iliyowekwa kwa ajili ya muziki wa dansi. Zima feni pia ukiweza. Usiku sauti huwa chini, na sikio la binadamu sauti ikishuka hupoteza besi kabla ya vingine, kwa hiyo weka kiwango kwa kutumia "Lost and Lookin'" hiyo hiyo: pandisha taratibu mpaka uweze kufuata kila noti ya besi, kisha acha hapo mpaka mwisho. Kama kiwango hicho kitawaamsha watoto au jirani, vaa hedifoni. Kupunguza kidogo "ili isisumbue" ndiko kunakoua albamu hii. Ukivaa hedifoni, vaa pande zote mbili, kwa sababu stereo ya miaka ile iliwagawa wapigaji kushoto na kulia waziwazi, na upande mmoja unaweza kukunyima chombo kizima.

Wanaosikiliza kwa intaneti wazime mchanganyo wa nyimbo (shuffle), wazime ule mpangilio unaounganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa mwingine, na wapakue albamu kwa ubora wa juu badala ya kuicheza huku programu ikibana bando. Ubora ukishuka, toazi ndilo huanza kuharibika. Badala ya mlio mkavu unasikia kitu kama maji yanayochuruzika.

Kwenye santuri pande ni mbili, nyimbo sita kila upande, na zote pamoja hazifiki dakika 40. Ni vizuri kuheshimu mgawanyo huo hata kwenye simu. Sikiliza sita, pumzika dakika chache, halafu sita za pili.

Ilirekodiwa Februari 1963, tarehe 22, 23 na 25, katika studio ya RCA mjini Hollywood. Mwezi mmoja na nusu kabla, tarehe 12 Januari, Cooke huyo huyo alikuwa Miami katika klabu ya Harlem Square Club, akiimba kwa sauti iliyokwaruza mbele ya watu waliokuwa wakipiga kelele. Rekodi ya onyesho lile haikutolewa hadi 1985. Ukizisikiliza zote mbili wiki moja utaelewa kwamba upole wa Night Beat ni uamuzi wake: nguvu alikuwa nayo, akaizuia. Kwenye ogani yuko Billy Preston, kijana wa miaka 16 wakati huo. Kwenye piano ni Ray Johnson, kwenye magitaa wamo René Hall, Clifton White na Barney Kessel, mtu wa jazi, na kwenye ngoma yumo Hal Blaine. Safari ya kwanza usimfuate Cooke pekee, mfuate Johnson. Piano yake haiingii juu ya maneno. Inangoja mstari uishe, inasema lake, inanyamaza.

Nyimbo nyingi humu ni za blues, muziki wa Wamarekani weusi, na umbo lake la kawaida litakusaidia hapa. Hesabu moja hadi nne. Ukifanya hivyo mara 12, ubeti umekwisha. Mistari ya maneno ni mitatu. Wa kwanza unasemwa, wa pili unaurudia, wa tatu unaujibu. Kila mstari hutumia kama nusu ya nafasi yake tu, nusu inayobaki ni ya chombo. Asiyejua hili husikia "marudio mengi" na kuchoka. Anayejua huanza kungoja zile nafasi tupu, na albamu hii utamu wake mwingi umo humo.

Zoezi zuri ni "Little Red Rooster", unaofungua upande wa pili. Ni wimbo wa mtunzi Willie Dixon ambao mwimbaji wa blues Howlin' Wolf aliurekodi 1961 kwa sauti nzito ya kutisha, juu ya jogoo mvivu asiyetaka kuwika alfajiri. Cooke anaufanya mwepesi, karibu wa kutania. Mbwa wakitajwa, ogani ya Preston inabweka. Cooke anafurahi waziwazi, anawataja wapigaji wake kwa majina na kuwaachia nafasi. Kwangu huu ndio wimbo wa kumfungulia rafiki anayesema blues ni huzuni tupu.

Wimbo wa mwisho, "Shake, Rattle and Roll", wa kasi na wa kucheza, huwaudhi baadhi ya wasikilizaji, na kuna wanaouruka. Nadhani wanakosea. Baada ya nyimbo 11 za mtu aliyepoteza mpenzi na usingizi, mwili unahitaji kuinuka kitini. Ila ukisikiliza kitandani ili ulale, ishia "Fool's Paradise".

Usiku unaofuata tafuta nyimbo za Charles Brown, mpiga piano wa Texas ambaye blues yake tulivu ya vilabu vya usiku imeifinyanga albamu hii. "Trouble Blues" yake ya 1949 na "Get Yourself Another Fool" zote Cooke amezirudia humu. Sikiliza ya Brown kwanza, ya Cooke ifuate mara moja, na uangalie jambo moja tu: Brown anamaliza mistari yake akishuka, kama mtu aliyeridhia. Cooke, mahali pale pale, mara nyingi anapanda.