Kabla Hujafungua Mzigo wa Midoli ya Mashujaa

Ukienda Kariakoo kufungua mzigo wa midoli ya mashujaa, usichague kwa macho yako. Wewe utavutiwa na rangi na uzito wa plastiki. Mtoto anamtaka mtu anayemjua. Mimi huwauliza kwanza watoto wa mtaani kwetu. Wakishindwa kumtaja shujaa jina, katoni hiyo naiacha hata kama bei imeshushwa. Hasa kama imeshushwa.

Hata kampuni kubwa zimekwama hapo. Mwaka 1984 LJN ilitoa midoli ya filamu ya Dune. Filamu ilikuwa nzito, siasa na dini humohumo; mtoto wa miaka saba aigize nini hapo uani? Midoli haikushika. Midoli ya Captain Power, kipindi cha televisheni, ya kampuni ya Mattel, 1987, ilikuja na ujanja: ndege zake zilirushiana risasi za mwanga na televisheni kipindi kikiwa hewani. Kipindi kikadumu msimu mmoja tu, na ujanja ukaisha nacho. Kwa Dar hii ya umeme kukatika, mdoli usiochezeka bila skrini siugusi.

Ila kinachotuumiza zaidi sisi wa rejareja ni katoni mchanganyiko. Shujaa mwenyewe yuko mmoja au wawili, waliobaki ni wasaidizi na maadui wasiojulikana. Shujaa anaondoka siku ya kwanza ya Idi. Wenzake wanakula vumbi hadi Krismasi. Mzazi akipita na kukuta sura ileile imejaa ukutani, anaona duka zima limedoda, kumbe katoni tu ilipangwa vibaya. Kwa hiyo mwambie muuza jumla akufungulie katoni kabla hujalipa. Akikataa, nenda mlango wa pili, Mtaa wa Kongo haukosi milango. Na shujaa wa mwisho usimuuze peke yake: mfunge pamoja na adui, uwauze kama jozi. Adui asiye na wa kupigana naye hanunuliki.

Angalia na ukubwa. Kampuni ya Kenner, walioichukua haki ya midoli ya filamu ya Star Wars baada ya kampuni ya Mego kuikataa, walitengeneza midoli ya takriban sentimita 9.5, ikaingia kwenye vyombo vya anga ambavyo navyo viliuzwa. Mimi hubeba kigari kimoja cha sampuli mfukoni; mdoli usipokaa ndani yake, nanunua michache tu.